Dakika kumi kabla ya kushika simu

Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitangaza tarehe 21 Desemba ya kila mwaka kuwa Siku ya Taamuli Duniani. Tangu hapo, mwezi huo ukikaribia, mitandaoni huzunguka picha zilezile: mtu kakunja miguu ufukweni, kafumba macho, jua linachomoza nyuma yake, na chini ya picha ahadi ya amani ya moyo. Wapo wanaojibu kwamba taamuli, au meditesheni, ni ibada ya kigeni inayopenyezwa majumbani mwetu. Wapo pia wanaosema ni starehe ya watu wasiojua foleni ya maji asubuhi. Ukiwasikiliza wote kwa makini utaona wanakubaliana jambo moja bila kujua: kwamba taamuli ni hali fulani isiyo ya kawaida ambayo mtu huingia, akili ikawa tupu na moyo ukatulia. Hapo ndipo kosa lilipo. Taamuli ni zoezi la kuirudisha akili kila inapotoroka. Faida zake ni za wastani lakini ni za kweli, na anayezipata ni yule anayeketi dakika chache kila asubuhi, mahali palepale, kabla simu haijamfikia. Sherehe ya mara moja kwa mwaka haiwezi kumpa hizo faida, wala programu ya simu iliyopakuliwa kisha ikasahauliwa.

Kuketi kimya na kufuata pumzi ni mila ya kale iliyolelewa katika dini za Bara Hindi kwa zaidi ya miaka 2,000. Tawi lililofika hospitalini na kwenye simu ni jipya. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia ya molekuli, alianzisha kozi, ambayo baadaye ilizoeleka kuwa ya wiki 8, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa ambao maumivu yao ya muda mrefu hayakuwa yakipata nafuu ya kutosha kwa tiba za kawaida. Alibakisha mazoezi na kuiweka kando lugha ya dini. Ratiba yake ilikuwa kali: darasa la saa mbili na nusu hivi mara moja kwa wiki, siku moja nzima ya ukimya wiki za mwisho, na kazi ya nyumbani ya dakika 45 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Vipimo hivyo tuviweke akilini, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi unaotajwa kila mahali umetokana na kozi ya aina hiyo au inayofanana nayo, si na dakika tatu za kusikiliza sauti ya mawimbi kwenye spika za masikioni.

Ushahidi wenyewe unasemaje? Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ulikuta ushahidi wa kiwango cha kati kwamba programu za taamuli hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Uchambuzi huohuo haukukuta ushahidi kwamba taamuli inashinda dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyingine za kitabia. Kisha mwaka 2022 likaja jaribio lililozungumzwa sana: watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi waligawanywa kwa kura, kundi moja likapewa kozi ya wiki 8 na jingine dawa ya wasiwasi iitwayo escitalopram, na mwisho wa kozi makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ya kiwango kinachokaribiana. Mashabiki waliibeba habari hiyo kama ruhusa ya kutupa vidonge. Jaribio halikusema hivyo. Lilisema kwamba kozi kamili, yenye mwalimu, darasa na dakika 45 za kila siku, haikuwa duni kwa dawa kwa watu wale. Tufanye hesabu ndogo: dakika 45 kwa siku 6 kwa wiki 8 ni saa 36 za mazoezi ya nyumbani peke yake. Mtu wa dakika 10 kwa siku atazifikisha saa hizo baada ya siku 216, yaani miezi saba na kitu, na hata akizifikisha hakuna aliyemhakikishia matokeo yaleyale. Anayekunywa dawa za wasiwasi au sonona aendelee nazo, na kama anataka kupunguza, azungumze na daktari wake kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote kwa upande wa mashabiki ni ile ya ubongo kukua. Inarudiwa kwenye mahubiri ya mafanikio, kwenye semina za wajasiriamali, hata kwenye makala za afya: tafakari wiki nane, ubongo unaongezeka. Chimbuko lake kubwa ni utafiti wa mwaka 2011 uliopima watu 16 waliofanya kozi na kukuta ongezeko katika baadhi ya sehemu za ubongo. Watu 16 ni wachache mno kubebeshwa dai zito namna hiyo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, walirudia swali hilo kwa watu zaidi ya 200, wakiwa na makundi ya ulinganisho, na hawakuona mabadiliko ya umbo la ubongo yaliyoletwa na kozi. Anayetaka kuwashawishi ndugu zake waanze zoezi hili aiache hoja hiyo, maana siku watakapoujua ukweli wataitupa na ile sehemu iliyo sahihi.

Kwa nini basi asubuhi? Si kwa sababu alfajiri ina nguvu za pekee. Wanaofanya kozi ya wiki 8 hujichagulia saa yao wenyewe. Sababu ni za kawaida kabisa, na kwangu ndizo zinazoshawishi zaidi. Kwanza, asubuhi ina vitu vinavyotokea kwa mfuatano uleule kila siku: kuamka, kwenda msalani, kupiga mswaki, kubandika chai. Tabia mpya hushika haraka ikifungwa kwenye tabia iliyokwisha kuota mizizi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja aliambatanisha jambo jipya na tukio la kila siku, kwa mfano mara baada ya kifungua kinywa. Ilichukua wastani wa siku 66 jambo hilo kuanza kujiendesha lenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi 254. Kwa hiyo anayekata tamaa wiki ya tatu kwa kuwa bado anajilazimisha hana kasoro yoyote. Bado yuko njiani.

Sababu ya pili ni simu. Mtu akiishika tu, akili yake inaanza kuwajibu watu wengine: bosi aliyeandika usiku, kikundi cha harusi, mzigo uliokwama bandarini, habari mbaya ya mbali. Kuiondoa akili hapo na kuiketisha ni kazi ngumu mara tatu. Na iko ya tatu, ambayo wanaoanza huifahamu vibaya. Katika nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka, homoni ya kortisoli hupanda mwilini kwa kawaida, ndiyo mwili unavyojiandaa kwa siku. Anayeketi akahisi kifua kina haraka anadhani taamuli imemkataa. Haijamkataa. Mwili wake unaamka tu, naye yupo pale kuutazama ukiamka.

Namna ya kukaa inastahili maneno mengi kuliko inavyopewa, kwa sababu wengi huachia hapo. Si lazima kukunja miguu. Kiti cha plastiki cha kawaida kinatosha, ila usikiegemee, maana mgongo wake umelala nyuma na ndani ya dakika mbili utakuwa umelala nao. Kaa nusu ya mbele, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, viganja juu ya mapaja. Ukipenda mkeka, kunja blanketi mpaka lifike kimo cha sentimita 10 hadi 15 na ukalie ukingo wake, ili nyonga ziwe juu kuliko magoti. Kimo hicho kina kazi: nyonga zikiwa chini ya magoti, kiuno kinabinuka nyuma, mgongo unajikunja, misuli ya mgongo inaanza kuuma, na mtu anaishia kupambana na mgongo badala ya kufuata pumzi. Miguu ikifa ganzi, maana yake neva imebanwa. Ifungue taratibu, subiri damu na hisia zirudi, halafu endelea. Hakuna thawabu ya kuvumilia ganzi. Macho yafumbwe nusu, yatazame sakafuni hatua moja na nusu mbele. Anayeyafumba kabisa saa kumi na moja alfajiri mara nyingi husinzia.

Pumua kwa pua, bila kuivuta pumzi kwa nguvu. Kila unapotoa pumzi hesabu kimoyomoyo: moja, halafu mbili, mpaka kumi, kisha rudi moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo duru moja ya kumi haifikishi hata dakika. Inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Umefika nne. Pampu ya jirani inaunguruma. Pampu inakukumbusha umeme, umeme unakukumbusha Luku iliyobakiza uniti chache, Luku inakuletea mpangaji ambaye hajachangia mwezi wa pili huu, na sasa unamjibu kichwani, unatafuta maneno makali lakini ya heshima. Ghafla unashtuka: nilikuwa nahesabu. Mtu aliyeuza picha ya ufukweni angekwambia umeshindwa. Ukweli ni kwamba kushtuka kule ndiko zoezi lenyewe. Sekunde ile uliyogundua kuwa umeondoka ndiyo unayoijenga, kama anayenyanyua ndoo anavyojenga mkono kila anaponyanyua. Usijilaumu, usitafute ulikofikia, rudi moja. Ukirudi mara 20 ndani ya dakika 10, umefanya mazoezi mara 20.

Ndiyo maana ile kauli ya "mimi siwezi, akili yangu haitulii" ni hoja dhaifu kwa upande wa wapinzani, ingawa wanaoitoa huitoa kwa unyoofu. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti uliotumia simu kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, walikuwa wakifanya nini na wakiwaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha akili ikiwa kwingine kabisa, na watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ilipokuwa imetoroka. Akili inayotoroka ni ya kila mtu. Kusema huwezi kutafakari kwa sababu akili yako inazurura ni sawa na kusema huwezi kuoga kwa sababu una vumbi.

Kuhusu muda, wiki ya kwanza dakika 5 zinatosha. Wiki ya pili na ya tatu ziwe 7 au 8, kisha 10, na anayetaka afike 20 baada ya miezi miwili. Kuanza na nusu saa ndilo kosa la watu wenye ari: siku ya nne mgongo unauma, siku ya sita wamechelewa daladala, siku ya saba hawaketi tena. Saa ya kupimia muda isiwe simu iliyo mkononi. Kama huna nyingine, iweke kwenye hali ya ndegeni tangu usiku, uilaze upande wa pili wa chumba, ili hata alamu ikilia usimame kuizima. Pita msalani, nawa uso, kunywa maji, ndipo ukae. Usiketi kitandani. Kitanda kimezoea kukulaza, nacho kitakushinda. Wanaovuta pumzi kwa nguvu wakidhani ndiyo njia ya kutulia hupata kizunguzungu na ncha za vidole kuwasha, kwa sababu kupumua kwa nguvu kupita haja kunashusha kabonidioksidi kwenye damu. Ukiona hivyo acha kuhesabu, pumua kawaida, tazama kitu kilicho mbele yako. Na kama kila siku unasinzia, tatizo lako halitibiwi kwa taamuli. Umelala kidogo mno. Mtindo wa kuamka saa kumi usiku ili "kuwashinda wenzako" huku umelala saa sita usiku unakupokonya usingizi kwa ajili ya zoezi lisiloweza kuufidia.

Hoja ya dini ndiyo nzito zaidi, na sikubaliani na wanaoibeza. Yapo matawi ya taamuli ambamo anayefundishwa hupewa neno la kurudia lenye mizizi katika ibada ya miungu ya wengine. Mwislamu au Mkristo anayelikataa neno hilo yuko sahihi kwa imani yake, na mwalimu anayemficha asili ya neno hilo anamkosea. Lakini kuhesabu pumzi hakutaji jina la yeyote. Isitoshe, kukaa kimya asubuhi hakukuletwa kwetu na programu ya simu. Pwani yote hii wapo wanaobaki kwenye miswala yao baada ya sala ya alfajiri wakileta uradi kwa tasbihi mpaka jua litoke, na wapo majumbani wanaoanza siku kwa rozari. Mwaka 2001 jarida la BMJ lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi na wenzake, waliopima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na kwa nyakati nyingine wakirudia mantra, yaani maneno ya kurudiwa, ya yoga. Kwa njia zote mbili upumuaji ulishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, mwendo unaooana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, na moyo ukaitikia. Mwili ulifuata mwendo wa maneno, na maneno yalikuwa ya imani mbili tofauti. Sisemi uradi na kuhesabu pumzi ni kitu kimoja. Uradi ni ibada, una Mlengwa wake, na anayeuleta hauleti ili ashushe presha. Ninachosema ni kwamba mwenye uradi hahitaji kuubadilisha kwa chochote. Apunguze kasi, kila tamko lichukue pumzi yake kamili, na agundue pale ulimi unapokwenda peke yake huku moyo uko sokoni. Kazi ya kuurudisha moyo hapo anaijua tayari.

Kwamba hili ni jambo la wenye nafasi, nusu yake ni kweli. Mama anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko, kuandaa watoto wawili na kuwahi kibarua hana chumba cha ukimya, na kumwambia atafute ni kumtukana. Ila sufuria ya chai kwenye jiko la mkaa haichemki haraka. Dakika hizo anakaa pale pale kwenye kigoda, nyuma ya moto, mara nyingi akiwa peke yake kwa mara ya mwisho hadi usiku. Aweke mikono mapajani na ahesabu. Kelele za jogoo na bodaboda si adui, maana zoezi halidai ukimya wa nje. Mtoto akiamka katikati, amwendee. Zoezi limeishia hapo kwa leo, na dakika tatu alizokaa ni zake.

Kwa wachache, kukaa kimya hakuleti nafuu. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watafakari waliopata misukosuko: hofu, kukosa usingizi, kujihisi wametengana na mwili wao. Aliyepitia ukatili, vita au ajali mbaya anaweza kukuta kwamba kufumba macho kunamrudisha kulekule. Huyo aache macho wazi, aelekeze akili kwenye nyayo zake au sauti za nje badala ya pumzi, apunguze dakika ziwe mbili, na kama hofu inaongezeka aache kabisa na amtafute mtaalamu wa afya ya akili. Hajashindwa imani wala ujasiri.

Haya yote yana maana kwa wanaotaka kuitumia Siku ya Taamuli kuanzisha programu mashuleni na maofisini. Uingereza ilijaribu kwa kiwango kikubwa: shule 85, watoto zaidi ya 8,000 wa rika la miaka 11 hadi 14, na katika takriban nusu ya shule hizo walimu wakafunzwa, masomo yakafundishwa darasani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto waliofundishwa hawakuwa na afya ya akili bora kuliko wenzao waliofuata ratiba ya kawaida, na wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Mwalimu mkuu wa huku anayefikiria kuwakalisha wanafunzi 70 gwaride la asubuhi, wafumbe macho kwa amri, aanzie na matokeo hayo. Zoezi hili halifanyi kazi kwa amri, kwa sababu sehemu yake muhimu, ile ya kushtuka na kurudi, hakuna anayeiona isipokuwa aliyeketi. Mwajiri naye anayewanunulia wafanyakazi programu ya kutafakari huku zamu zikibaki za saa 12 anawapa dawa ya kuvumilia jambo ambalo yeye ana uwezo wa kulipunguza. Zamu zipungue kwanza. Chumba kidogo chenye kiti na mlango unaofungwa kije baadaye, kwa anayekitaka.

Kwa aliyeamua kuanza, tarehe 21 Desemba haina ubora kuliko kesho. Achague leo usiku kiti, kona na tukio la kuliegemea, mswaki au chai, na simu ilale mbali. Utafiti ule wa London ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia. Akikosa Jumanne kwa sababu ya msiba au safari, Jumatano asiongeze dakika za kufidia. Akae kona ileile, atoe pumzi, ahesabu moja.